Vidonge Ndani ya Kikapu cha Kahawa

Nyaishozi, Karagwe
Jumapili, 9 Oktoba 1988

Dada yangu mpendwa Kokushubira,

Shikamoo dada. Pokea salamu zetu sote wa huku Nyaishozi. Sisi hatujambo. Eugenia ana kikohozi kidogo ambacho hakimzuii kunigombeza, migomba imesimama vizuri na maharage yameanza kutoa maua. Wewe sikuulizi hali, maana Therese ameniandikia. Anasema mama yake hatoki kitandani mpaka jua liwe utosini, ndizi zinamenywa na wajukuu, na kila akikuomba mrudi hospitali unageukia ukutani na kusema, "Yustus alisema ni sumu." Barua hii naiandika kwa ajili ya maneno hayo manne. Isome mpaka mwisho, hata ukikasirika. Hasa ukikasirika.

Lakini kwanza nikuchekeshe, kwa sababu huku wote wanacheka na si haki wewe ubaki nyuma.

Unajua tangu niache ualimu nimegombana na nani. Niligombana na katibu wa chama cha ushirika kuhusu mizani, nikagombana na Katekista Telesfori kuhusu kengele yake ya alfajiri, nikagombana na mhariri wa gazeti aliyechapa barua zangu tatu na kuitupa ya nne, ile niliyoeleza kwamba vidonge vya ugonjwa wa huzuni ni kamba ya kumfunga mkulima ulimi. Ilifika mahali hakuna mgeni aliyekanyaga kwangu. Kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho mama alikuwa hakiweki chini siku nzima kwa wingi wa wageni, kilikaa rafuni kikishika vumbi. Eugenia hatafuni kahawa. Anasema inamwendesha moyo. Kwa hiyo nilipokuwa na kitu cha kumficha mke wangu, sikuona mahali salama kuliko pale, chini ya kahawa.

Kitu chenyewe kilikuwa vidonge. Ndiyo, ndivyo hivyo vya huzuni, vya rangi ya kahawia, vinavyolingana na punje ya kahawa. Usiiweke barua chini, dada.

Kikapu kilikaa salama miezi mitano. Matatizo yalianza nilipoanza kupona. Nikawa nalala. Nikawa nasikiliza redio bila kuijibu. Siku moja nikaenda kwa katibu wa ushirika nikamwambia kwamba mizani yake ni sahihi na ilikuwa sahihi siku zote, akaniuliza kama nina homa. Watu wakaanza kunipitia, kwanza kwa udadisi, halafu kwa mazungumzo. Na Alhamisi ya wiki iliyopita akaingia Telesfori mwenyewe, ambaye hatukuwa tumesalimiana tangu mambo ya kengele. Eugenia, kwa furaha ya kupata mgeni, alichukua kikapu, akakipuliza vumbi, akamwekea mbele. Mimi nilikuwa nje nanawa mikono.

Nilipoingia, Telesfori alikuwa anatafuna huku amekunja uso, akimuuliza Eugenia kahawa hii ilivunwa enzi za nani, maana ina ladha ya sabuni na upande mmoja wa ulimi wake umekufa ganzi. Dada, nilimtia katekista kidole mdomoni. Akaning'ata. Alisimulia baadaye sokoni kwamba alijua nimechanganyikiwa kabisa na nimekuja kumaliza ile kesi ya kengele. Nikamuuliza amemeza vingapi. Akasema kwao hawahesabu kahawa ya mgeni. Nikamuuliza kama amekunywa pombe ya rubisi. Akamtazama Eugenia, kisha akakiri kwamba ni kidogo tu, kwa jirani Kashaija, kwa ajili ya baridi. Waitu, baridi gani saa sita mchana?

Nikampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, kwa Tabibu Celestin. Akampima mapigo ya moyo, akamsikiliza kifua, akamlaza kwenye benchi na kukaa naye mpaka jioni. Alisema kidonge kimoja au viwili kwa mtu mzima vitaleta usingizi, na juu ya rubisi usingizi mzito wa kuangaliwa kwa karibu. Lakini kama angetafuna kiganja kizima, tungekuwa tunachimba kaburi, kwa sababu vidonge hivi vikizidi hushambulia moyo. Na kama mgeni angekuwa mtoto, vichache tu vingetosha. Hapo sikucheka tena. Wajukuu wangu hucheza chini ya rafu ile.

Telesfori alikoroma hata akina mama wakahamisha watoto wao chumba cha pili. Alipoamka, kinywa kikavu kama majivu, alinitazama akasema kwamba kila Jumapili nasimama nje ya kanisa nikiwaambia watu wasimeze wanachopewa bila kuuliza. Leo amekuja kwangu, amepewa, amemeza, hakuuliza. Je, nani kashinda? Sijapata jibu mpaka sasa. Anakuja kila siku kuona kama nimelipata.

Eugenia hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: nilidhani yeye angecheka? Sasa vidonge vimefungiwa ndani ya sanduku lake la nguo na ufunguo anao shingoni. Kila jioni ananipa kimoja na kunitazama nikimeza.

Sasa, unanijua, sikubali kitu bila vita. Mara ya kwanza nilipokwenda kwa Celestin, mwezi wa sita, nilimwambia naulizia kwa niaba ya rafiki. Akatabasamu, akaniomba nimletee mapigo ya moyo ya huyo rafiki. Nikampa mkono wangu. Kisha nikabishana naye saa mbili. Alisema chembechembe za ubongo hazigusani. Kati yake kuna nafasi nyembamba, na habari huvushwa na kemikali zinazotumwa kama matarishi. Tarishi akishafika hurudishwa upesi alikotoka. Kidonge humchelewesha kurudi, habari ikapata kusikika. Nikamrukia: kama matarishi wanachelewa tangu siku ya kwanza, kwa nini mgonjwa haoni nafuu mpaka wiki ya tatu au ya nne? Akaweka kalamu chini. Akasema hajui, na hata wanaovitengeneza hawana jibu kamili. Pengine ubongo wenyewe hujipanga upya polepole. Dada, miaka thelathini nabishana na watu, na huyu ni wa kwanza kuniambia hajui. Nikamwamini papo hapo.

Hakunificha ubaya wake pia. Kinywa hukauka, choo huwa kigumu, macho huona ukungu, na ukisimama ghafla nyumba inazunguka. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya jicho lazima aseme kwanza. Pombe ni marufuku. Rubisi yangu sasa anakunywa Kashaija. Na wiki za mwanzo mgonjwa asiachwe peke yake, kwa kuwa nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya moyo kutulia, na mawazo ya kujidhuru yakapata miguu. Ndiyo maana hutolewa vichache vichache. Mambo haya yote ningeweza kuyauliza kabla ya kuyapigia kelele gazetini. Sikuuliza.

Sasa nimefika ninapopaogopa.

Siku ya Pasaka, hapo kwako Songambele, ulikuwa umeshatumia dawa miezi mitatu. Ulikuwa umeanza kupalilia maharage, na ulinisuta mbele ya watu kwa sababu ya kofia yangu. Mimi nikahutubia kwamba umeponywa na mvua, si vidonge. Nikakunyang'anya chupa mbele ya shemeji Leonidas na watoto, nikaenda nyuma ya nyumba, nikarudi nikisema nimeitupa chooni. Nilidanganya. Niliiweka mfukoni mwa koti ili nichunguze na kuandika barua ya tano. Nilipofika nyumbani nikafungua vitabu, nikasoma dalili za ugonjwa wako: mtu anaamka kabla ya jogoo akiwa ameshachoka, chakula hakina ladha, kila kitu kinamuudhi. Nikajisoma mimi. Ule ugomvi wangu wote ulikuwa koti tu; ndani hakukuwa na mtu. Nikameza kimoja kwa hasira, nithibitishe ni sumu. Kinywa kilipokauka nikafurahi nimepata ushahidi. Nikameza cha pili. Wiki ya nne nikalala mpaka kengele ya Telesfori.

Chupa yenyewe Eugenia anaijua, ndiye aliyekupa ya kuwekea vidonge. Ndiyo maana nilivimwaga vidonge kikapuni, na vilipokwisha Celestin akanipa vyangu, navyo nikavificha humo humo. Vidonge vilivyonirudishia usingizi, dada, vilikuwa vyako.

Na kule kutapika kwako baada ya Pasaka, kukosa usingizi na ndoto mbaya, ambako niliwatangazia wote kwamba ni sumu inatoka, Celestin amenieleza. Dawa hii haikatwi siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa majuma. Haikuwa sumu inatoka. Ilikuwa ni mimi. Kisha huzuni ikarudi, na nikakuachia maneno ya kuilinda.

Sikuletei vidonge mfukoni. Kosa hilo nimeshalifanya, na wewe una presha. Lazima upimwe upya. Jumamosi hii, tarehe 15, nitafika asubuhi na gari la ushirika. Anayeendesha ni yule katibu wa mizani. Tutakwenda hospitali mimi, wewe na Therese, na nitarudia haya yote mbele ya daktari, mbele ya shemeji, na mbele ya mtu yeyote aliyenisikia siku ya Pasaka. Ukitaka kunikemea, nikemee njia nzima. Nitafurahi kukusikia unakemea tena.

Msalimie shemeji Leonidas, na umwambie Therese kwamba barua yake ilikuwa na makosa mawili tu. Eugenia anakusalimu sana. Telesfori naye anakusalimu na kusema anakuombea, na mara hii sikumbishia.

Utakapoamka Jumamosi, tuwekee kikapu cha kahawa. Una kila haki ya kunilipiza. Nitatafuna nitakachopewa, wala sitauliza.

Ni mimi mdogo wako, mwizi wa chupa,
Yustus