Ufunguo Chini ya Ulezi

Joshua na mkeo Gladness,

Ulezi wa kasuku umekwisha, mnunue leo. Parachichi msimpe, litamuua. Usiku tundu lake mlifunike kwa ile kanga yangu kuukuu, baridi ya hapa Dodoma haina huruma.

Asubuhi mlipokwisha kufunga geti kwa nje mkaenda kazini, jirani yenu Kuluthumu alikuja kunijulia hali. Tukasalimiana kwenye upenyo wa geti kama mfungwa na mgeni wake. Akanitania, "Mama Joshua, una kesi gani?" Nilicheka. Nilipoingia ndani nikalia.

Nikaenda kumlisha ndege. Nakung'uta kopo la ulezi, ukadondoka ufunguo wa akiba. Joshua! Mimi mama yako wa kunificha ufunguo, tena kwenye chakula cha ndege?

Siku tuliyomnunua, muuzaji alisema nichague kasuku aliyetulia, nikachagua huyu anayeng'ata waya za tundu. Hamkujiuliza kwa nini?

Mlenda upo jikoni, ugali msonge wenyewe. Ufunguo nimemwachia Kuluthumu. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Nimekwenda Kongwa, shambani kwangu.

Kasuku msimfungulie. Yeye kazaliwa tunduni, nje hatapaweza.

Mimi napaweza.

Mama