Springi Zilizokataa Kulala Chini

Yaya Neema, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Goma, ambako mvua hufagia vumbi jeusi la volkano asubuhi, nalo hurudi mchana. Tuko Ndosho, kwenye depo ya saruji, tukijaribisha lile vazi la chuma nililokueleza. Linafungwa kifuani na mapajani, na springi zake humwinua mbeba mizigo kila anapoinama, ili mgongo usiumie.

Jana Papa Bahati, mmoja wa wabeba mizigo, alikuwa amelivaa, tairi la lori likapasuka. Paa! Mji huu umeona vita vingi. Mtu haulizi kama ni risasi, analala. Sote tulikuwa chini, hata bosi wangu na shati lake jeupe. Papa Bahati akatupa mfuko, akainama, springi zikamrudisha juu. Akainama tena, akarudi tena, kama mtu anayesalimia ukoo mzima wa wakwe.

"Papa, lala chini!" akapiga kelele Mama Zawadi, muuza maandazi.

"Niko nalala! Hii kitu ndiyo inakatala!"

Mama Zawadi akatambaa, akamvuta miguu, Papa akaanguka kama ubao. Nilicheka, kisha nikajiuliza: je, ingekuwa risasi?

Bosi akajipangusa. "Papa, mugongo unaendelea je?"

"Mugongo iko bien, muzuri kabisa, patron. Ni mwenye mugongo ndiye alitaka kufa."

Basi leo, kabla ya kubeba chochote, kila anayelivaa lazima atuonyeshe anavyolala chini. Bosi ndiye aliyeanza. Bado amesimama.

Wabusu watoto, ule sombe, yale majani ya muhogo, kwa ajili yangu pia. Nakukumbatia kwa nguvu zote,
Aline