Shuka ya Nondo Karibu na Kichuguu

Ediofe, Arua
27 Aprili 2025

Mdogo wangu Kulusum,

Salamu sana kutoka huku. Sisi wazima, ila mgongo unamsumbua Sadiya. Wewe na bustani mnaendeleaje?

Sasa nisikilize. Jirani yako Muzamili kanipigia simu: "Yasiri, dada yako nawasha taa kila siku, kumbikumbi ya kichuguu yako yote nakwenda kwa shuka yake." Nimeona aibu. Kichuguu kile Baba aliniachia mimi mbele ya wazee, na kwetu anayewasha taa karibu na kichuguu cha mwenzake ni mwizi. Zima mpaka kumbikumbi wamalize kuruka.

Kaka yako,
Yasiri

Dranya, Koboko
3 Mei 2025

Kaka Yasiri,

Nimepokea salamu. Mimi mzima. Mpe wifi Sadiya pole ya mgongo.

Mwizi? Neno hilo limeniuma. Taa ni ya nondo. Mwaka jana viwavi walimaliza mahindi yangu, na viwavi huzaliwa na nondo. Tangu mvua zianze natundika shuka nyeupe mbele ya taa bustanini, na asubuhi naandika nani katua: wa kijani mwenye mikia, wa kahawia, na wale wadogo wa kijivu wanaoharibu mahindi. Wa kijivu wakizidi, nakagua majani mapema. Mwezi huu ndio msimu wao. Nikizima, nimelima bure.

Mdogo wako,
Kulusum

Ediofe
18 Mei 2025

Kulusum,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Umeolewa, umeachika, umerudi. Hapo ni kwa Baba, na Baba hayupo, nipo mimi. Wewe ni mgeni wangu. Nikija nikikuta taa, nitaivunja mwenyewe.

Kaka yako

Dranya
12 Juni 2025

Yasiri,

Natumaini Idd ilikuwa njema. Mimi mzima, ila nimejaa hasira.

Sikuzima. Wa kijivu walifurika, nikaokota viwavi kwa mkono, na mahindi yamesimama. Kumbikumbi waliotua kwenye shuka niliwakausha, nikamtumia wifi wote huko Ediofe. Mimi sikula hata mmoja. Ndio wale uliowatwangia wageni wako Idd, ukajisifu kwamba kichuguu chako kina baraka. Usimgombeze Sadiya, mimi ndiye niliyemwomba anyamaze. Nilingoja uniulize wanakwenda wapi. Uliniita mwizi, ukaniita mgeni, lakini kuuliza hukuuliza.

Njoo uvunje taa. Utanikuta nimesimama mbele yake.

Binti wa baba yako,
Kulusum