Jani Kavu na Jani Bichi

S.L.P. 73,
Masama, Moshi.
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Aikaeli,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje huko Songea? Sisi mvua zimepita salama, migomba imeshiba. Baba anakohoa, ukimwambia anakohoa anakataa. Mimi nimejifungua mtoto wa kike. Niko hapa kwa mama nalelewa uzazi, kazi yangu ni kunywa mtori na kunenepa.

Basi kwa kuwa sina shughuli, baba mkubwa Godwin akaniletea sanduku la barua za babu nizipange. Ukoo unataka kuzichapa kitabu, watu wajue yule mganga wa zahanati aliyeingia udiwani akapigania chanjo, vyoo, na wasichana kurithi kihamba, shamba la ukoo. Mwandiko wake, Shangazi! Nasoma huku nanyonyesha, mstari mmoja hadi mtoto anasinzia.

Chini kabisa nilikuta bahasha yenye jina lako. Stempu ipo, muhuri wa posta hakuna. Nilidhani ni mambo ya baraza, nikaifungua. Naomba unisamehe. Ndani mlikuwa na jani la isale, lile letu la kuombea msamaha, limekauka, na maneno haya:

“Mwanangu, barazani nilisema wasichana wapewe kihamba. Ulipokuja kuniomba chako, niliwaogopa ndugu zako wa kiume. Nimetibu watu wengi, wewe nikakuumiza.”

Nililia mpaka mtoto naye akaanza.

Nilipomsomea baba mkubwa akasema, “Hiyo iache. Kitabu ni cha kumsifu mzee, si cha kumwanika.”

Mama akamjibu kutoka jikoni, “Kwani mzee ni kahawa?”

“Shemeji, wewe koroga mtori.”

Baba akatoka nje akikohoa. Unamjua alivyo.

Shangazi, mimi niliishia darasa la saba, mambo ya vitabu siyajui. Ila barua ina mwenyewe. Ndiyo maana nakutumia hiyo hiyo yenyewe, nakala sijatoa. Ukisema iingie kitabuni, nitaisimamia hata mbele ya baba mkubwa. Ukisema isiingie, haitaingia. Najua babu hayupo wa kumjibu, na najua miaka uliyokaa bila kukanyaga hapa.

Mume wangu Jesse amekubali mtoto aitwe Aikaeli, lakini tumeona tukuombe kwanza. Hatujamwita jina bado. Tunamwita “mgeni” tu.

Mama anakusalimu sana, na Jesse pia. Msalimie dada Odilia na wanawe. Mungu akulinde, akupe nguvu za kupanda basi.

Nilitaka kufunga bahasha asubuhi hii, baba akanizuia. Akachukua panga akashuka hadi mpakani mwa kihamba, akarudi na jani la isale. Alilipangusa umande kwa shati lake akanipa. Kwa hiyo utakuta majani mawili. Kavu ni la babu. Bichi ni la mdogo wako.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Joyness