Jumapili za Algot

Ystad, Jumatatu

Mdogo wangu Gunvor,

Huku hatujambo, ila upepo umetuangushia matufaha yote kabla hayajaiva.

Shemeji yako Algot kapata wazimu mpya. Kila Jumapili anakwenda kutazama majumba ya kale na maonyesho ya picha, mtu ambaye hajui hata mapazia yetu yana rangi gani! Nikisema twende wote, ananijibu, "Utachoka bure, mke wangu. Mawe tu yale."

Jana eti alishinda kwenye Mawe ya Ale, yale mawe ya kale yaliyosimamishwa malishoni juu ya bahari. Mvua ilinyesha kutwa nzima, lakini viatu vyake vilirudi vikavu kabisa.

"Ulikula na nani?" nikamuuliza.

"Na kondoo," akacheka.

Nikachukua chupa yake ya kahawa niioshe, nikaikuta imeshaoshwa, na ndani mna donge la sukari la kuzuia harufu.

Algot hajawahi kuosha hata kijiko. Na hilo la sukari, Gunvor, marehemu mama alitufundisha sisi wawili tu.

Jumapili ijayo nitakuja naye. Andaa vikombe vitatu.

Dada yako,
Sigbrit