Wafugaji Kumi na Watatu Mlangoni

Karakana ya Ngozi, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Leo ni tarehe tisa, na kabla sijaandika neno jingine nimejiwekea ahadi kwamba barua hii itakueleza kila kitu, hata yale ambayo Baba hakukwambia kwenye simu, kwa sababu siku ile yeye mwenyewe alikuwa hayajui.

Shikamoo. Natumaini bahasha hii itakukuta mzima. Goti lako linaendeleaje na zile ngazi za nyumba yako? Na kikohozi kimekuacha? Mama anauliza kama siku hizi unakaa chini kula au bado unakula umesimama huku umeshika funguo. Anasema nikuandikie neno kwa neno, na nimefanya hivyo.

Sisi hapa hatujambo. Baba ana mafua kidogo. Mama ni mzima. Mimi nimerefuka, pindo la sketi ya shule limeteremshwa mara mbili na sasa halina tena pa kuteremkia. Mtihani wa muhula umekwisha na nimekuwa wa tatu. Najua utafurahi, lakini naomba usifurahi sana mpaka umalize kusoma.

Habari uliyoipata kwa yule mwenye duka anayenunua mikoba yetu ni ya kweli. Mikoba yetu arobaini imezuiwa kwenye ghala la forodha la huko kwenu. Baba alikwambia kwamba mtu wa ngozi ametuangusha. Shangazi, mtu wa ngozi hakutuangusha. Niliyewaangusha ni mimi.

Unajua kwamba tangu mwaka huu uanze kuna sheria mpya huko. Hawataki tena kununua ngozi ya ng'ombe aliyelishwa mahali palipokuwa na msitu ukafyekwa juzijuzi. Kwa hiyo kila ngozi lazima iwe na karatasi inayoonyesha jina la mfugaji na zile tarakimu ndefu za mahali, ambazo mtu akiziingiza kwenye kompyuta anaiona ardhi yenyewe kutoka juu. Mimi naiona ni sheria nzuri. Nakuambia hivi usije ukadhani nimeandika ili kuilalamikia.

Baba alipotangaza habari hiyo karakanani, Mzee Chumvi alikuwepo. Nadhani unamkumbuka, yule anayetuuzia ngozi, aliyejifunza kazi kwa fundi mmoja na Baba walipokuwa vijana. Bado ana ghala lake nyuma ya soko, na mikono yake bado ni myeupe kwa chumvi mpaka kwenye viwiko. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani ng'ombe ana anwani? Barua zake anapokelea wapi?" Fundi mshonaji alicheka mpaka akakata uzi. Akamjibu, "Muulize Katibu, yeye ndiye ofisi."

Katibu ni mimi. Waliniita hivyo tangu nilipoanza kumsomea Baba barua za lugha ya huko, na sitaki kukuficha kwamba nililipenda jina hilo.

Maelezo ya kujaza fomu yalikuwa kurasa kumi na moja. Nilisoma tano za kwanza kwa makini, na kamusi pembeni. Ukurasa wa sita na wa saba ulikuwa na michoro na maandishi madogo kama mchanga, na mtihani wa hesabu ulikuwa Jumatatu. Nikaziruka mbili hizo, nikasoma nne za mwisho. Baba aliniuliza, "Umezisoma zote?" Nikasema, "Ndiyo, Baba, zote."

Wafugaji wetu ni kumi na saba. Wanne wanakaa karibu, nikaenda na Mzee Chumvi Jumamosi mbili mpaka kwenye malisho yao. Waliobaki wako mbali zaidi, ng'ambo ya bwawa. Mimi nilielewa kwamba zile tarakimu ni kama picha au alama ya kidole, yaani ushahidi kwamba mtu huyu yupo na ameonekana kwa macho. Basi siku ya soko nikamwomba Mzee Chumvi awaite wote kumi na watatu ghalani kwake. Nikawasimamisha mlangoni mmoja mmoja, nikashika simu ya Mama karibu na bega la kila mmoja, nikaandika tarakimu ilizoonyesha. Mmoja aliniuliza kama avue kofia. Nikamwambia haina haja.

Niliandika kwa rula, Shangazi. Tarakimu sita baada ya nukta, nikazikagua mara mbili. Fomu zile zilikuwa safi kuliko daftari langu lolote.

Kumbe ukurasa wa sita ulisema waziwazi: mahali pa kupima ni malishoni, ng'ombe anapokaa. Kwa hiyo kompyuta ya huko iliona mashamba kumi na matatu ya ng'ombe yamebanana ndani ya eneo dogo kuliko darasa letu, katikati ya mabati ya soko.

Barua yao ilifika siku ya Alhamisi. Baba aliosha mikono, akakaa, akaniambia nisome polepole. Nilikuwa nasoma na kumtafsiria palepale. Walisema taarifa zetu haziaminiki, kwamba wafugaji wanaonekana kuwa wa kubuni, na kwamba tuna siku arobaini za kurekebisha, la sivyo mikoba itateketezwa na jina la karakana litafutwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Nilipofika mstari wa nne nilikuwa nimeshaelewa kosa liko wapi. Sauti yangu haikusimama. Iliendelea kusoma kama ya mtangazaji.

Baba akauliza, "Wa kubuni? Majina haya aliyaleta nani?"

Majina aliyaleta Mzee Chumvi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nafasi yenyewe ilikuwa pana, kwa sababu Baba aliikunja barua polepole, mkunjo kwa mkunjo. Sikuitumia.

Kesho yake Mzee Chumvi akaja na mkokoteni wake, anapiga mluzi. Baba alimkuta mlangoni. "Rudisha mzigo wako," akamwambia. "Umenizunguka."

"Nimekuzunguka wapi tena, ndugu yangu?"

"Wafugaji wako wa hewani. Mashamba kumi na matatu juu ya bati la ghala lako! Umeniuzia ngozi za nani?"

Mzee Chumvi akatazama ndani. Mimi nilikuwa nimeinamia sanduku la vifungo, najifanya nahesabu. Yeye alikuwepo siku ile ya soko, aliniona na simu ya Mama. Alijua. Angeweza kunitaja kwa neno moja. Badala yake akamwambia fundi mshonaji, "Mpe maji mtoto huyo, midomo imemkauka." Kisha akageuza mkokoteni, ngozi zikiwa bado zimefungwa, akaondoka. Mluzi sikuusikia tena.

Nilikaa kimya siku nane. Ulipopiga simu ilikuwa siku ya tatu. Nilikusikia unamwambia Baba, "Pole kaka yangu, watu wamebadilika," na nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha dawa ya mafua. Naomba unisamehe kwa hilo peke yake, hata kama mengine utayafikiria kwanza.

Siku ya nane Baba aliniambia nichukue karatasi nzuri. Alitaka tuiandikie ofisi ile kwamba karakana yetu haina hatia, na tuwape jina la aliyeleta wafugaji wa uongo ili wamshughulikie yeye. Niliandika tarehe. Niliandika salamu. Halafu Baba akaanza kunitajia jina kamili la Mzee Chumvi, ambalo sikuwahi kulijua maisha yangu yote, nikalisikia, na kalamu ikakataa. Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliuliza, "Kurasa ngapi uliruka?"

"Mbili, Baba."

"Mbili," akasema, mara mbili. Akachukua sindano, akashona mishono mitano kwenye ukanda ambao haukuwa na kazi, akaifumua. Kisha akavaa viatu, akaniambia, "Twende."

Tulimkuta Mzee Chumvi anafagia chumvi mlangoni, mlango uleule. Baba alimwomba radhi mbele ya wachuuzi wote wa upande ule, kwa sauti ya kusikika, maana hata tuhuma aliitoa kwa sauti ya kusikika. Nami nikaomba yangu. Mzee Chumvi aliegemeza fagio ukutani. "Yamepita," akasema. "Lakini ngozi nimeshamwahidi mwingine mpaka mwisho wa mwaka, na mimi sivunji ahadi. Kwako wewe nina salamu tu."

"Hata salamu nitazipokea," Baba akamjibu.

Hakutukaribisha ndani. Zamani tusingefika mlango ule bila kuvutiwa gunia la kukalia. Baba alitembea njia nzima ya kurudi hatua tatu mbele yangu, na nilitamani anigombeze, maana ugomvi una mwisho.

Ila tulipokuwa tunaondoka, Mzee Chumvi aliniita kutoka nyuma yetu. "Katibu! Jumanne wafugaji wanateremsha ng'ombe bwawani. Uamke mapema, wale hawangoji mtu." Hilo tu.

Jumanne nilikwenda na Mama. Tulitoka bwawani tukafuata mifugo mpaka malishoni kwao, na siku zilizofuata tukaenda tena kila baada ya masomo. Yule wa kofia alinicheka sana. "Leo tena? Safari hii unampiga picha ng'ombe?" Nimeandika kila malisho nikiwa nimesimama ndani yake, na viatu vyangu vya shule vinaweza kukuthibitishia. Tumewapata kumi na mmoja. Wawili wamehama na mifugo yao na hakuna anayejua wamekwenda upande gani. Nilimwuliza Baba tufanyeje. Akasema tuandike kwamba hawakupatikana, na mikoba sita iliyotokana na ngozi zao tuiondoe kwenye orodha, hata ikiteketezwa. "Tusiwabunie watu mahali," alisema. Mikoba hiyo sita ndiyo aliyoishona mwenyewe kwa mkono.

Sasa tunanunua ngozi mbali, na zinakuja na makovu ya kisu. Fundi mshonaji anakuja siku tatu tu kwa juma. Hanilaumu, lakini siku hizi haniiti Katibu, ananiita mwanangu, na sikujua kwamba neno zuri kama hilo linaweza kuuma.

Jambo moja dogo la kutia moyo. Fundi viatu wa mtaa wa pili amepokea fomu kama zetu, akaniomba nimsomee. Tulisoma kurasa zote kumi na moja, tukakaa kwenye ule wa sita mpaka akachoka, akasema, "Binti, nimeelewa, niache nikale."

Sasa ombi langu. Sheria inataka marekebisho yapelekwe na mtu aliyeko hukohuko, anayejulikana, atakayewajibika. Mwenye duka amesema hataweka jina lake peke yake tena. Atakwenda ofisini ikiwa wewe, uliyempelekea mikoba yetu ya kwanza, utakwenda naye na kutia sahihi kwamba unaijua karakana hii na watu wake. Jina lako litakaa kwenye kumbukumbu zao miaka mitano, na likitokea kosa jingine la kwetu, watakutafuta wewe. Hayo yako ukurasa wa tisa. Nimeusoma mara nne.

Ndani ya bahasha kuna fomu zote, pamoja na maelezo yangu kwa ile ofisi, niliyoandika nilichofanya na kwa nini Mzee Chumvi hahusiki, na jina langu kamili chini yake. Maelezo ya kurasa kumi na moja nimeyaweka pia ili usitegemee maneno yangu. Nimehesabu kwamba bahasha ikifika zitakuwa zimebaki siku saba.

Baba anajua nimekuandikia. Alitaka kunizuia, akisema umeshatufanyia mengi na goti lako linauma, kisha akaniletea stempu. Ukikataa hakuna atakayekununia hapa nyumbani. Mimi nitaelewa kuliko wote, kwa sababu najua ulivyo ugumu wa kuweka jina lako chini ya kazi ya mtu aliyewahi kukudanganya.

Baba anakusalimu sana. Mama anakusalimu, na anasema amekuhifadhia lile shuka ulilolisahau. Fundi mshonaji anakusalimu na anauliza kama ule mkoba wako mwekundu umeanza kuachia mshono. Mungu akulinde njiani na kazini, akuponye goti, na akuzungushie watu wema huko ulipo peke yako.

Ni mimi wako, binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Katibu.

Nijibu kwa simu ya Mama siku hiyohiyo utakayofungua bahasha, hata kwa neno moja: utaweka jina lako kando ya langu?