Nilimwambia Kompyuta Imeanza Kumsoma Mumewe

Shangazi Mbula, salamu. Sina mtu mwingine wa kumwambia haya. Naishi Kimbo, hapa Ruiru, na kazi yangu ni kutafuta wagonjwa waliopoteza maneno baada ya kiharusi ili wapigwe picha za ubongo, kisha picha hizo zinaingizwa kwenye kompyuta kubwa, yaani mamia zilizounganishwa zikifanya kazi kama moja, ili watafiti wajue ubongo unatengeneza vipi maneno. Ndivyo nilivyompata Mzee Kyengo wa Murera, aliyekuwa dalali wa ploti za ardhi, mtu wa kuongea asubuhi hadi jioni, na sasa amebaki na neno moja tu, "jana", ukimpa chai ni jana, akilia ni jana. Mkewe, Mama Wavinya, aliweka sahihi kwenye fomu akaniuliza, "Kwa hivyo hiyo mashine itatuambia anachotaka kusema?" na mimi, kwa sababu nilikuwa nimebakisha mgonjwa mmoja kufikisha idadi niliyotakiwa kazini, nikamjibu, "Tutaona, mama." Tangu hapo ananipigia kila Jumatatu, na siku moja alikuwa analia, nikamwambia imeanza kumsoma. Shangazi, hiyo kompyuta haimsomi mtu, inalinganisha picha za watu mia nne kutafuta wanachofanana, na Mzee Kyengo humo ndani ni namba. Wiki jana ndio nimejua Mama Wavinya aliacha kumpeleka mazoezi ya kuongea hospitalini Thika, miezi saba sasa, anasema haina haja kumchosha mzee na kompyuta inakaribia kumsoma, na mimi najua hiyo ndiyo miezi ambayo maneno hurudi kwa urahisi. Nimefikiria kubadilisha laini ya simu nirudi kwetu Kitui. Nifanye nini?

Ndunge, Ruiru

Ndunge, nakuonea huruma, lakini wa kuhurumiwa kwanza hapa si wewe. Ulimdanganya mama aliyekuwa analia, na miezi saba haitarudi. Sitakuambia vingine. Lakini ukienda Kitui, yeye ataendelea kungoja na mzee ataendelea kukaa bila mazoezi. Maneno yakichelewa bado yanaweza kurudi, hata kama ni machache.

Kesho piga simu hospitalini, uombe wampe mzee tarehe ya kurudi mazoezi. Jumamosi nenda Murera mwenyewe, usitume ujumbe. Sema, "Mama, nilikudanganya. Kompyuta haimsomi mzee na haitamsoma." Halafu nyamaza. Akikufukuza, acha karatasi yenye ile tarehe mezani uende. Jumatatu mwambie mkubwa wako, maana kama huyu hakuelewa alichotia sahihi, kuna wengine, na mama huyu ana haki ya kuomba picha za mumewe ziondolewe. Unaweza kufutwa kazi. Ufutwe.

Na kitu kimoja. Barua yote hii, sijaona mahali umeongea na Mzee Kyengo mwenyewe. Wengi wa hali yake wanasikia na kuelewa zaidi ya tunavyodhani. Jumamosi hiyo weka kiti chako mbele yake, umwombe yeye msamaha kwanza, polepole, na umpe muda wa kukujibu.